Waya wa Ardhini wa Karani Revelian

Redio ya kwanza mtaani kwetu Kinondoni ililetwa na karani Revelian, na kama unadhani tulimpongeza, hutujui. Tulimcheka. Alitoka nayo mjini akiisukuma baiskeli kwa miguu njia nzima, redio imefungwa kwenye keria na kuviringishiwa kanga ya mkewe, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeishika redio kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Watoto wakamfuata. Akawafukuza, wakaongezeka.

Mimi nilikuwa jirani yake, ua kwa ua. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe baadaye, alipofikia kiasi cha kushindwa kuyabeba peke yake.

Revelian alikuwa Mhaya wa Bukoba, karani wa bohari kule Kurasini. Mtu mrefu, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka mstari wake ungekata mkate, soksi zimefika magotini. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nina ulimi mkali na huenda nikakusahaulisha. Alikuwa na mke mmoja, Auleria, mwanamke wa maneno machache, na hawakuwa na mtoto. Mtaa mzima ulimwita yeye "karani" na mkewe "Bi Auleria", kwa kuwa hapakuwa na jina la mtoto la kuwaitia.

Si kwamba mimba haikuwahi kuingia. Iliingia mara moja, ikaonekana, tukaizoea. Kisha ofisi ikamtuma Revelian Lindi kwa kazi ya mizigo, na aliporudi alimkuta mkewe amelala, tumbo limekwenda, na Bi Tabu, mkunga wetu wa Kizaramo, amekaa mlangoni. Bi Tabu alimwambia, "Baba, mambo yameharibika. Mshukuru Mungu, mama mzima." Revelian akasema, "Mungu ndiye ajuaye." Kesho yake akaenda kazini. Hivyo ndivyo wanaume tulivyolelewa: mambo ya uzazi ni ya wanawake, na mwenye adabu haulizi.

Siku zile zile aliona mgomba mchanga umepandwa nyuma ya jiko. Hilo nalo halikumshangaza, wala sisi halikutushangaza. Mhaya na mgomba, nani asiyejua? Tukasema Bi Auleria amekumbuka kwao. Revelian mwenyewe alifikiri hivyo hivyo, akamwonea huruma kidogo, na baadaye akaanza kumgombeza. Maana ardhi ya Kinondoni ni mchanga mtupu, na mgomba pale unataka maji kama mlevi anavyotaka tembo. Maji yenyewe yalitoka bomba la mtaani, kwa foleni, kwa debe kichwani. "Unamwaga maji mchangani," alikuwa akimwambia, "kwa ajili ya ndizi ambazo Kariakoo zimejaa tele." Auleria akaendelea kumwagilia. Kila jioni debe moja lilikuwa la mgomba, hata siku ambazo maji ya kuoga yalipungua.

Sasa turudi kwenye redio. Ilikuwa ya betri, betri kubwa nzito, na tatizo lake lilikuwa moja: ilikoroma. Hata stesheni ya hapa hapa Dar es Salaam ilikuja na mikwaruzo, kama mtu anayesema huku mwenzake anakaanga samaki pembeni. Mwingine angeridhika. Revelian hakuridhika. Alitaka kile alichokiita "sauti safi", na neno hilo alilisema kwa namna ambayo wengine husema "pepo".

Akaanza majaribio. Aliiweka redio juu ya meza, akaiweka juu ya sanduku la mninga, akaitoa barazani. Akaitia ndani ya mtungi mkubwa mtupu ili sauti ipate tumbo. Tumbo ikalipata kweli, mtangazaji akawa anasema kama mtu aliyetumbukia kisimani, nasi tulicheka mpaka Bi Tabu akaja kuuliza kuna nini. Akasimamisha mianzi miwili mirefu uani na kutandaza waya wa juu kutoka mmoja hadi mwingine. Afadhali ikaja, lakini ndogo.

Usidhani alikuwa anatafuta sifa. Alikuwa na lake moyoni. Alikuwa amesikia kwamba, redio ikiwa na masikio mazuri, jioni unaweza kuipata Kampala, na Kampala wanasema Kiganda. Kiganda si Kihaya, lakini vinaelewana kama mtu na binamu yake. Mama yake, Apolonia, alikuwa amebaki Bukoba, naye hakuwa amemwona kwa miaka. Alitaka kukaa barazani kwake Kinondoni asikie mtu akisema kwa lafudhi inayokaribia ya mama yake. Mtu akitaka kitu kama hicho, humwezi.

Ndipo alipomleta Anselmo. Huyu alikuwa Mmakonde wa Newala, fundi, aliyewahi kubeba mitambo ya simu za upepo jeshini wakati wa vita vya Burma, na hakuacha siku ipite bila kukukumbusha. Aliizunguka redio, akapiga ulimi, akasema, "Bwana karani, redio yako ina kichwa, haina miguu."

"Miguu gani?"

"Waya wa juu unao. Waya wa ardhini huna. Tunachomeka chuma ardhini, tunafunga waya, unakuja mpaka nyuma ya redio hapa. Makelele yote yanashuka, yanazikwa huko. Ila lazima ardhi iwe mbichi. Kwenye mchanga mkavu ni bure."

Wakazunguka ua mzima, Anselmo akichomachoma kwa kipande cha nondo. Kila mahali pakavu. Wakafika nyuma ya jiko, kwenye mgomba, na nondo ikazama kama kwenye uji. Anselmo akachota udongo, akauminya kiganjani, maji yakatoka.

"Hapa chini pana chemchemi," akasema. "Bahati yako kubwa, bwana."

Revelian akaamini. Mtu aliyekuwa akigombana kila siku juu ya debe la maji, akaamini kwamba ni chemchemi! Lakini tuseme nini, hata mimi niliyekuwa nimeegemea ua niliamini.

Wakaanza kugongelea chuma pale shinani, kwa nyundo. Auleria akatokea kutoka bombani, debe la maji kichwani. Akasimama. Kwa kawaida mwanamke akifika nyumbani na debe hutaka kulitua haraka, lakini yeye alisimama nalo hivyo hivyo, mkono mmoja umelishika, akiangalia nyundo inavyopanda na kushuka.

"Umefika kwa wakati," Revelian akamwambia kwa furaha. "Lete maji hayo, mimina hapa hapa."

Auleria akageuka, akaingia jikoni na debe lake.

Jioni ile redio iliimba. Sina neno jingine. Mikwaruzo ilikwisha, na sauti ya mtangazaji ikaja nyororo, karibu, ukadhani amekaa kwenye kiti cha pembeni na chai yake. Baraza likajaa, waliokosa mikeka wakasimama, na sisi tuliomcheka karani tukawa wa kwanza kudai nafasi za mbele. Zikapita siku chache, Kampala ikaingia. Revelian aliposikia maneno yale ya kwanza alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Auleria!" akaita. "Njoo usikie! Nyumbani hapo!"

"Nasikia huku huku," Auleria akajibu kutoka jikoni.

Hakuja siku ile, wala siku nyingine. Revelian alidhani amekasirishwa na gharama ya redio. Akasema moyoni, atazoea.

Lakini anayetafuta sauti safi haishii alipofika. Anselmo akamwambia kwamba ardhi ikitiwa chumvi inapitisha vizuri zaidi. Basi kila jioni, kabla ya kufungua redio, Revelian alichota chumvi ya mawe, akaiyeyusha kwenye kopo, akaimwaga penye chuma. Sauti ikazidi kuwa safi. Majani ya mgomba yakaanza kuwa manjano pembeni, kisha kukunjamana. Auleria akaongeza maji. Debe moja likawa mawili, mawili yakawa hata matatu. Alikuwa akienda bombani mpaka shingo ikamuuma, tukamwona akiikandakanda njiani.

Jioni moja Revelian alimkuta amesimama pale na debe lililokwisha, akamshika bega. Aliniambia hili kwa kinywa chake, na alipolisema hakuniangalia. "Ahsante, mke wangu," alimwambia. "Kumbe nawe unaipenda redio. Maji haya yanaisaidia sana."

Auleria akaokota debe, akaenda bombani tena.

Mgomba ukafa. Ulianguka wenyewe, kwenye ukuta wa jiko, na Revelian akaukata vipande na kuutupa nyuma ya ua, akifurahi kwamba sasa pana nafasi. Maana Anselmo alikuwa ameleta wazo jipya. Chuma ni kidogo, alisema. Kinachotakiwa ni bamba zima la shaba, lizikwe kina cha kiuno, limwagiwe mkaa na chumvi. Hapo hata sauti za mbali kuliko Kampala zitaingia. Bamba akalipata kwa mnunua vyuma chakavu, na Jumamosi, baada ya kazi, wakakutana uani na jembe. Nami nilikuwapo, nimekuja na maneno yangu, maana kazi ya wenzio haikosi mtazamaji.

Revelian akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kibao. Akashika jembe. Akapiga la kwanza, akapiga la pili.

Auleria akatoka jikoni. Hakuja mbio. Alikuja polepole, akajifunika kanga kichwani, akakaa chini kwenye udongo, pembeni ya jembe, miguu ameinyoosha mbele. Nilishtuka, kwa sababu mwanamke hakai hivyo kwenye udongo mtupu, jua linawaka, ila mahali pamoja tu, napo ni msibani.

"Chimba," akamwambia mumewe. "Lakini ukimfikia, simama, mimi nitamtoa kwa mikono. Usimguse na jembe."

Anselmo alielewa kabla yetu sote. Alilaza bamba lake la shaba chini taratibu sana, lisitoe mlio, akasema, "Bwana karani, mie naondoka." Akaondoka.

"Nimfikie nani?" Revelian akauliza.

Bi Tabu alikuwa ameshaingia uani. Sijui aliitwa na nani. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, lakini siku hiyo hakuwa na mzaha. "We mwanamume," akasema, "unamuuliza nani? Mtoto asiyetimia huwa hatumpeleki makaburini, hachimbiwi na wanaume. Tunamzika sie wenyewe, karibu na nyumba, asiwe mpweke. Huyu mkeo akasema kwao watu huzikwa migombani. Nikamtafutia mche wa mgomba huko bondeni, tukaupanda juu yake. Mie mwenyewe ndiye niliyemshika."

Mimi nilitafuta mahali pa kuangalia, nikapakosa. Nikarudi kwangu bila kuaga. Lakini ua ni wa makuti, na maneno hayajui kubisha hodi.

Nilimsikia Revelian akiuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Auleria akasema. "Ulirudi kutoka Lindi, ukaniuliza kama shati lako la kazi limepigwa pasi."

Kisha Revelian akauliza, na alikuwa amechelewa kwa miaka, lakini aliuliza: "Alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Wa kike. Nilimpa jina la mama yako."

Revelian aliniambia kwamba hapo ndipo alipokaa chini karibu na mkewe. Kilichomjia kwanza hakikuwa machozi. Ilikuwa ni chumvi. Aliliona kopo lake, akauona mkono wake mwenyewe ukimimina, kila jioni, kwa uangalifu, akiwa anapiga mluzi. Kisha ikaja nyundo. Kisha likaja lile la ahsante. Alisema angeweza kubeba nyundo na chumvi, kwa kuwa hakujua, na asiyejua ana kisingizio. Lakini lile neno la ahsante hakuwa na pa kuliweka. Mkewe alikuwa akiosha chumvi juu ya mtoto wao kwa madebe ya kichwani, na yeye akamshukuru kwa niaba ya redio.

Wala chemchemi haikuwapo. Hilo nalo lilimwingia polepole, akiwa amekaa pale pale. Ardhi ile ilikuwa mbichi kwa sababu moja tu. Ile sauti nyororo iliyotukusanya barazani, ile Kampala iliyomfanya ashike magoti, ilipita kwenye maji ya Auleria.

Alikichomoa kile chuma kwa mikono, akikitikisa huku na huku kidogo kidogo, hakutaka kukivuta kwa nguvu. Akarudisha udongo aliouchimba, akausawazisha kwa viganja. Jioni redio ikarudi kukoroma.

Na sisi, watu wa shukrani, tukalalamika! Tulifika na mikeka yetu tukakuta mtangazaji anakaanga samaki tena. "Karani, redio yako imeugua?" Akasema betri imechoka. Wengine wakasema fundi Anselmo ameiroga kwa kunyimwa ujira wake. Yeye akakubali yote, aibu yake akaimeza. Mimi niliyejua nilinyamaza, na ni moja ya mara chache katika maisha yangu nilipofanya hivyo.

Angeweza kuchomeka chuma mahali pengine na kupamwagia maji. Nilimwambia hivyo mara moja. Aliniangalia tu, nikajuta kwa nini nimezaliwa na mdomo. Alitaka kuiuza ile redio, tena kwa hasara. Akamwambia mkewe kwamba haiwezi kukaa ndani ya nyumba hii. Auleria alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

"Ukiiuza utajiona umelipa," akasema. "Iache pale."

Ikabaki. Kila siku aliipita akienda kazini, na kila siku aliipita akirudi.

Kilichobadilika ni maji. Revelian alianza kwenda bombani mwenyewe. Karani, soksi zimefika magotini, kwenye foleni ya wanawake, na debe! Mwanzoni alilibeba begani, likamwagika lote njiani. Wanawake wakacheka, wakamwonyesha namna ya kuzungusha kata ya kitambaa na kujitwika debe kichwani. Wanaume tukasema ameshikwa na mkewe, amelishwa kitu, Wahaya wameisha. Alisikia yote. Aliniambia maneno yale yalimpa nafuu, kwa kuwa walau palikuwa na mtu wa kumtukana. Auleria hakuwahi kumtukana, wala hakuwahi kumwambia amemsamehe.

Revelian alikuwa anaosha ile chumvi. Debe baada ya debe, kila jioni, mahali pasipo na kitu. Alipoona inatosha akapanda mche mpya, ukafa. Akaendelea kumwaga maji. Akapanda mwingine, nao ukakaa ukimtazama muda mrefu, haufi wala haukui, mpaka jani likafunguka.

Wakati huo alihamia Dar es Salaam kijana wa kwao, Theonest, karani wa posta, mjuzi wa vyombo hivi vya siku hizi. Jumapili moja baada ya misa alikuja kuwasalimu, akakuta redio inakoroma. "Shikamoo braza," akasema akicheka, "redio nzuri namna hii, unaiachaje inateseka?" Akatoka uani kutafuta dawa yake. Nami nilikuwa huko, nimekuja kuazima patasi. Theonest akafika nyuma ya jiko, akaona mgomba mbichi na udongo mweusi uliolowa.

"Braza, njoo uone! Ukichomeka chuma hapa, redio itaimba."

"Najua," Revelian akasema.

"Sasa kwa nini usi..."

"Baba Apolonia," Auleria akaita kutoka jikoni, sauti yake ya kawaida, ya mtu anayehitaji kitu. "Maji ya mgomba bado."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Nilimwona Revelian akisimama, mkono umebaki kwenye ukuta wa jiko. Baadaye aliniambia kwamba jina lile lilimpa furaha kidogo na aibu nyingi, na kwamba hakujua kama amepewa au amehukumiwa. Theonest aliangalia mlango wa jikoni, akamwangalia yeye, akauliza kwa sauti ya chini, "Apolonia nani? Nyie si hamna mtoto?"

"Tunaye," Revelian akasema. Akainama, akaokota debe na kata yake, akatoka kwenda bombani.